Kibarua wa Saa Nane na Dakika Kumi

Dundee, Novemba. Ukungu umepanda kutoka mto Tay
ukala daraja la reli, nguzo baada ya nguzo,
na mimi, ghorofa ya tatu juu ya maktaba,
nimepewa kazi ya kuchora.

"Chora kila kinachoamka," alisema Catriona Geddes,
"na kinachokiamsha, na kile kinachokigusa.
Kisicho na mwenyewe tutakifuta kabla ya Krismasi."

Basi nachora.
Vibarua hawa hawana kambi.
Hawana seva ya kuiita nyumbani,
hakuna mashine yenye vumbi uipige kofi ikigoma.
Wanaitwa, wanatokea, wanabeba, wanayeyuka,
ujira wao unapimwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde.
Mmoja hutuma barua pepe: kitabu ulichoagiza kimefika.
Mmoja hupunguza picha za majalada.
Mmoja kazi yake ni kumwamsha mwenzake tu,
kama mjomba anayepiga simu kuuliza
kama umepigiwa simu.

Arubaini na mmoja nimewapa visanduku,
mshale kwenda kwenye msimbo, mshale kwenda kwenye jedwali:
Wasomaji. Vitabu. Mikopo. Faini.
Wa arubaini na mbili hakuwa na maelezo.
Jina lake neno la Kiskoti, soop;
nikamuuliza mlinzi, akacheka: maana yake fagia.

Nyuzi nimezifuata, moja moja kwa kidole,
Penye fundo nikasita, nalegeza polepole,
Mwenye nyumba sikupata, taa yawaka milele,
Kazi haina ukuta, ina mwito na kelele.

Kumbukumbu zasema: saa nane na dakika kumi usiku,
kila usiku, miaka sita,
hata ule wa theluji, mabasi yalipolala barabarani.
Ruhusa zasema: asome Wasomaji, aandike Faini.
Akaunti iliyomzaa ilifungwa zamani.
Nikafungua msimbo. Mistari kumi na tisa, safi,
ya mtu aliyejua anachofanya na hakutaka sifa:

mchukue kila msomaji ambaye hajafika miaka kumi na sita;
tazama deni lake;
likiwa chini ya pauni mbili, andika sifuri;
usimwarifu mtu.

Dawa ya deni kulipa, nimelelewa hivyo.
Mwaka wetu wa kwanza hapa, Haroub
alichelewesha kitabu cha dinosaria siku kumi na moja.
Niliweka sarafu kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi,
nikapanda naye hadi tawi la Lochee, nimenuna njia nzima.
Yule mama alitazama kioo cha kompyuta.
"Hudaiwi," akasema.
Nikadhani ametuonea huruma.
Nikamchukia wiki nzima kwa huruma ile,
na bahasha nikairudisha nayo imevimba mkononi.

Leo nimeshuka hadi kwenye jedwali lenyewe.
Sikupaswa. Mshale ungetosha.
Safu ya elfu nane mia nane na kumi na sita:
pauni moja na peni kumi;
kisha, saa nane na dakika kumi, sifuri.

Kumbe hakuwa na huruma, mama wa watu.
Alisoma alichokiona.

Jumatatu Catriona ataweka kidole hapa.
Atauliza, wa nani huyu? na nani aliidhinisha?
naye ana haki: fedha za jiji si karanga,
na mlango ambao hatuujui unaweza kumpitisha yeyote.
Nimeandaa majibu matatu. Yote yana kigugumizi.

Penye nafasi ya mwenyewe nimeandika jina langu,
nikalifuta, nikaenda kuchemsha chai,
nikaliandika tena.

Usiku huu sikulala. Haroub anakoroma chumba cha pili,
miguu imeshapita urefu wa kitanda.
Kwenye kioo, mstari mmoja ukatokea:
ameamka. Amesoma. Safu saba.

Nilipopepesa macho alikuwa ameshaondoka.