Risiti

Baba yangu, Waly Soumaré, hatupi risiti.
Ana kopo la biskuti, kutu imeshakula pembe,
na ndani yake miaka thelathini na mmoja ya Vénissieux:
mkate, nauli, gesi, viatu vilivyotiwa soli mara mbili,
jokofu lililokufa kabla mimi sijazaliwa.
"Mali bila daftari," husema,
na hamalizi, kwa kuwa tunajua mwisho wake.

Mimi nafanya kazi kwenye tanuri la mikate.
Saa kumi alfajiri niko njiani, unga wa jana kwenye nyusi,
na Thibault, mwenzangu wa zamu, amenitangulia hatua tatu.
Begi lake kama langu. Miayo yake kama yangu.
Yeye hupita.
Mimi: "Hebu, wewe. Kitambulisho."
Mikono ukutani. Mguu huu huku, ule kule.
Unatoka wapi? Hapa.
Na kabla ya hapa? Hapa.
Na hiki cheupe? Unga, afande.
Akaunusa. Wallahi aliunusa, akapiga chafya.

Mara ya sita tangu Januari.
Dada yangu Kadiatou huulizwa kitambaa chake kinaficha nini.
Hujibu: masikio.

Sasa bungeni kuna muswada.
Ibara ya nne niliisoma kwenye simu nikingoja donge liumuke:
kila askari amsimamishaye mtu ampe karatasi,
tarehe, saa, mahali, sababu.
Basi. Si pepo inayoombwa.
Ni karatasi, kama ile muuza vitunguu anayokupa hata hujaiomba.

Mbunge mmoja, tai ya buluu, akasema
maandishi yatawachosha askari mikono.
Mwingine akasema rangi hazimo katika sheria zetu,
kwa hiyo barabarani nako hazimo.
Makofi. Ibara ikaahirishwa hadi Oktoba.

Baba alizima televisheni.
Akaleta kopo, akaleta kalamu,
akakata kipande cha bahasha ya bili ya umeme.
"Sema," akaniambia. "Polepole."
Tarehe kumi na mbili. Saa kumi na dakika ishirini.
Mlango wa kituo cha treni, upande wa baiskeli.
Aliandika kwa herufi alizojifunza ukubwani,
ulimi kaubana kwenye pembe ya mdomo.
Alipofika kwenye sababu, alinitazama.
Nikatazama viatu.
Pale akaacha wazi, akapiga mstari,
mwenye jibu akija apate pa kuandikia,
na kopo akalifunga kwa kiganja.