Laini ya Watu Wawili

Wałbrzych, Februari, mwaka wa tisini na saba.
Baba kaifungua kompyuta tumbo juu ya meza ya kulia,
kaitandikia gazeti kama siku ya kuparua samaki wa Krismasi.
"Ina miaka sita," akasema. "Kwa mashine, huo ni uzee."
Akapuliza vumbi, akakohoa.
Kifua cha mchimba makaa hakikuhitaji vumbi zaidi.

Modemu tuliinunua sokoni, haina boksi,
imeviringishwa ndani ya soksi ya mtoto,
pamoja na karatasi ya maelekezo ya Kijerumani
ambayo Baba aliisoma kwa sauti, kwa madaha, bila kuielewa.

Kadi ikagoma kuingia. Akaisukuma kwa kidole gumba,
polepole, kisha si polepole,
mpaka ikalia kak!
Tukatazamana kama watu waliovunja sahani ya mwenye nyumba.
Haikuvunjika.

Tulipoiwasha, kipanya kikafa.
Nikahamisha kifuniko cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama,
kutoka pini hizi hadi pini zile:
kipanya kikafufuka, modemu ikazimia.
Nikarudisha. Nikahamisha tena.
Waligombea nambari moja ya kuitia,
na mashine, kama karani wa serikali,
haikujua kuhudumia wawili kwenye dirisha moja.

Jioni, saa kumi na mbili kasorobo, wakapatana.
Ila mitambo ya simu ya mtaa wetu ilikuwa ya kale,
haikujua milio, ilijua kuhesabu tu.
Kwenye amri nikaandika P palipokuwa na T,
na modemu ikaanza: tak-tak-tak, tak, tak-tak,
mtu anahesabu sarafu gizani.
Halafu ile kelele.
Bati linaburutwa juu ya zege,
nyuki wamefungiwa ndani ya birika,
kisha kimya, na kwenye kioo neno moja:
Umeunganishwa.
Baba akavua kofia.

Ndipo tukasikia hodi.
Bibi Genowefa, wa upande wa pili wa ukuta,
ndara za manyoya miguuni,
mkonga wa simu mkononi, waya ukimfuata sakafuni.
"Imekufa," akasema. "Na leo Jumapili.
Saa kumi na mbili Romek hupiga kutoka Dortmund."

Tulikuwa tumesahau. Laini moja, nyumba mbili,
ndivyo tulivyopewa baada ya kungoja miaka kumi na mmoja:
mmoja akisema, mwenzake bubu.
Baba akachomoa waya ukutani, hakuniuliza.
Tukasimama watatu, masikio ukutani,
mpaka ng'ambo ikalia.
Bibi akautazama mkonga ulio mkononi mwake,
akacheka, akakimbia. Kweli alikimbia.

Kesho yake tukawekeana lugha.
Bomba la joto lapita kwake na kwetu:
kijiko kikigonga mara moja, nangoja simu;
mara mbili, nimemaliza, endeleeni.
Kasi yake sikuipima.
Siku nyingine aligonga bila simu yoyote,
Baba akamjibu kwa kisu cha siagi,
nami nikingoja picha moja ishuke, ufito kwa ufito.

Usiku mmoja wa Machi, bomba likalia mara tatu.
Mara tatu hatukuwa tumeipa maana.
Nilipogeuka kuuliza,
Baba alikuwa ameshavaa koti.