Mstari Mtupu

Saa tatu usiku, Majengo, ghorofa ya pili
juu ya duka la sanda na ubani,
Bi Zuleha ananiwekea kahawa chungu
na kesi.
"Ukurasa wa chama umekufa," asema,
"na kesho saa nne tuna mazishi."

Chama cha kuzikana, wanachama mia tatu na kumi na wawili.
Daftari lao ni programu ya Perl
aliyoiandika Badi Shekuwe mwaka wa tisini na tisa,
kabla hajaenda Maskati, kabla hajanyamaza.
Juzi wamehamia seva mpya, ya bei nafuu.
Tangu hapo kioo kina neno moja: mia tano.
Mia tano si pesa.
Ni seva kusema naumwa ndani, usiniulize wapi.

Simuulizi. Nafungua logi.
Mgonjwa akificha, shuka husema.

Kwanza ruhusa.
Faili limelala, lasomeka, haliendi.
Nalipa saba, tano, tano:
mwenyewe afanye yote, wageni wasome, waendeshe,
kalamu wasiguse. Nyumba yenye adabu.
Bado mia tano.

Mstari wa juu kabisa, unaosema Perl inakaa wapi:
Badi ametoa anwani ya zamani,
na Perl ishahama mtaa ule.
Narekebisha. Logi yasema: halipo.
Lipo! Naliona kwa macho yangu!
"Nani mwingine ameligusa faili hili?"
Bi Zuleha anakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Swaleh, mpwa wangu. Alilifungua kwa Windows.
Alitaka tu kusahihisha neno *marehemu*."

Akaacha mwishoni mwa kila mstari
herufi isiyoonekana,
mistari elfu moja na mia nne,
kila mmoja na mkia wake.
Nazifuta kwa amri moja. Swaleh nitamsamehe Ijumaa.

Logi sasa: vichwa vimekatika kabla ya wakati.
Ni yeye tena. Ameandika *Karibuni wapendwa*
juu, kabla ya yote.
Mtu haketi kitini ndipo akapiga hodi.
Sema kwanza umeleta nini: maandishi, ya HTML.
Kisha acha mstari mtupu.
Usio na kitu, hata nafasi moja.
Ndio ule ukimya baina ya *hodi* na *karibu*;
ukiukosa, utasimama mlangoni mpaka asubuhi.

Na hapo chini yake, nyuma ya alama ya reli
ambapo mashine haisomi,
nakuta mkono wa Badi:

*Ukiufuta mstari, jua umejipa kazi;*
*nimeuweka kwa siri, kwa saa za usingizi.*

Nacheka peke yangu. Bi Zuleha ataka kujua kuna nini.
Namsomea. Hacheki.
Aliwahi kuposwa na Badi, nasikia baadaye.

Ukurasa wafunguka. Nusu.
Abubakar, Dzombo, Kombo, Lali,
halafu Mwang
halafu kimya.

"Huyo ndiye wa kesho," asema. "Rashidi.
Mkewe yuko Changamwe na simu mkononi,
angoja kujua kama alikuwa amelipa."

Mwang'ombe.
Perl haijui *ng'* yetu.
Imeona kile kialama kidogo ikadhani jina limekwisha,
ikafunga mlango; *Mwang* ndani,
*ombe* barazani na viatu mkononi.
Natia mkwaju mmoja ulioinama kinyumenyume:
hapa usifunge, mtu hajamaliza kuingia.

Mwang'ombe, Rashidi.
Deni: miezi miwili.

Bi Zuleha anakitazama kioo.
"Hiyo programu yaweza kukosea?"
"Yaweza," nasema. "Ila hapa haijakosea."
Anafungua pindo la leso,
anahesabu noti mbili, anazilaza juu ya kibodi.
"Basi andika kalipa."

Nikaandika.
Nikamalizia na nukta mkato,
isije ikarudi mia tano.