Volti Tano

Nyamwiza aliniletea kompyuta ya ofisi
imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto wa kliniki.
"Haiumwi," akasema, "ila inameza maneno."

Kazi yake kuchapa ushahidi. Kutwa yuko Kisutu,
masikio ndani ya hedifoni, watu asiowaona
wanaapa, wanakohoa, wanakana.
Yupo mmoja, mlinzi wa ghala la Chang'ombe,
ana sentensi iliyomnyima Nyamwiza usingizi:
nikamwona, au sikumwona?
Ile "s", kama ilikuwepo, imezama kwenye mvumo,
na pale mlinzi alipopaza sauti
sauti imekatwa utosi.

Nikafungua. Kadi ya sauti ya bei ya chipsi mayai,
inakula volti tano tu za tundu la yuesibii,
na katikati, imejikalia kama bwana harusi,
aisii ya miguu minane
iliyozoea kumi na tano juu, kumi na tano chini.
Fundi aliyenitangulia aliipachika kwa ajili ya jina.
Umemtoa mtu ukumbini ukamfungia stoo:
kila akisimama, anagonga dari.

Mtu hujikuna ajipatapo.
Basi mimi namtafuta wa mkono mfupi
anayejipata mgongo mzima:
kwa volti tano hizohizo aguse sakafu, aguse dari,
asichubuke.

Kariakoo, saa saba, jua limesimama Mtaa wa Aggrey
kama mdai. Faki Hamadi ana droo arobaini
na moja asiyoifungua mpaka umlalamikie.
Akanitolea ya elfu thelathini na tano. "Hii ndiyo yenyewe."
Herufi zake nyeupe mno, zimenyooka mno.
Nikaazima asetoni kwa binti wa kucha mlango wa pili,
nikachovya pamba, nikapangusa mgongo.
Ukoo wote ukatoka na pamba.
Faki akatazama pangaboi.
"Mzigo wa mwezi uliopita," akasema,
kama vile mwezi ndio wenye kosa.

Nyuma ya hiyo akatoa nyingine, haina sifa vijiweni.
Volti mbili na nusu, inaamka;
ukivuka tano na nusu, umeiua.
Mvumo wake mdogo, haili sana, haichagui.
Elfu sita.
Nikachukua mbili, moja ya kuunguza.

Usiku, Magomeni, risasi inayeyuka, moshi unaniliza.
Nikaipachika. Nikaiwekea kidole: homa!
Ilikuwa inapiga kelele peke yake,
kelele za juu zisizofika sikio la mtu.
Kumbe ina mbio, nami nimeipa barabara isiyo na tuta.
Nikatafuta kapasita, punje tu,
nikaisogeza hadi kwenye miguu ya umeme, karibu kabisa,
ujirani wa kuazimana chumvi.
Kidole tena. Imepoa.

Ile sentensi sikuigusa. Si haki yangu.
Nilijipimia kwa sauti niliyorekodi dirishani,
mke wangu anapepeta mchele:
nikasikia ungo, nikasikia bangili,
nikasikia chuya zikitua chini, mojamoja.
Jana yake zote zilikuwa mvua.

Asubuhi Nyamwiza akaketi kwenye kigoda changu,
akavaa hedifoni, akarudisha nyuma,
akasikiliza, akarudisha, akasikiliza.
Mara ya tatu alifumba macho.
Kisha akavuta kibodi, akanigeuzia mgongo,
akachapa neno moja.

Sikuliona. Nilihesabu migongo ya vidole:
mara tisa.
Nimekaa na hilo tisa tangu siku ile,
nikiandika maneno yote mawili kwenye vumbi la meza,
moja chini ya jingine.

Yote mawili yana herufi tisa.