Baridi ya Mtumba

Mexicali, Julai, saa tatu tu za asubuhi
na lami tayari inashika soli kama ulimbo.
Rambler ya baba, toleo la sitini na nne,
imesimama chini ya turubai,
kijani chake kama sabuni iliyosahauliwa juani.
Gusa mlango uone: utaacha alama za vidole,
na ngozi yake.

Miaka yote baba alisema
gari hili lilizaliwa likitoka jasho,
anayetaka barafu aende kwa muuza samaki.
Mpaka Mei, kwenye foleni ya mpakani,
saa mbili na nusu bila kusogea,
kichwa chake kikalala juu ya honi
na honi ikalia, ikalia,
na wa nyuma wakamjibu kwa matusi
wakidhani ana haraka.

Mimi ni mshonaji wa viti vya magari.
Najua sponji, najua sindano iliyopinda.
Kompresa naijua kama ninavyomjua askofu: kwa mbali.
Lakini nilikwenda kwa Wenceslao, kwenye makaburi ya magari,
nikakuta teksi, Tsuru nyeupe,
ubavu umefinyangwa kama barua mbaya, pua nzima.
"Mia tisa," akasema.
Na mabomba?
"Mabomba yana bei yake."
Tukavutana hadi kivuli kikahama.
Nikatoka na vyote ndani ya beseni la kufulia,
nati mfukoni zikigongana
kama meno ya mwenye homa.

Shemeji yangu Nazario hutengeneza majokofu.
Aliizunguka injini mara tatu, mikono nyuma,
kama mtu aliyekuja kupima kiwanja.
Hakuna nafasi, akasema. Kisha akaipata:
chini ya alternata, upana wa kiganja.
Kishikizo tulikikata kutoka fremu ya kitanda,
kitanda nilichozaliwa juu yake; baba hakuulizwa.
Mkanda ukapita puli ya tatu, ukalia kama paka aliyekanyagwa.
Tukaukaza. Ukanyamaza. Ukakatika.
Tukanunua mwingine.

Sanduku la kupulizia nililifungua mwenyewe,
nilioshe kabla halijalala chini ya dashibodi ya watu wa heshima.
Ndani ya mapezi ya alumini:
vumbi la rangi ya kahawa, bawa la nondo,
tiketi ya maegesho, nusu ya picha ya mtakatifu
asiyejulikana, kwa kuwa iliyobaki ni miguu,
na kibanio cha nywele, kidogo, cha mtoto.
Nikakiweka juu ya boneti.
Hakuna aliyesema kitu.
Teksi ile. Ubavu ule.

Siku ya gesi, geji mbili, ya bluu na nyekundu,
Nazario akizinong'oneza kama anayebembeleza punda.
Shikilia. Washa.
Kwanza ikatoka hewa ya moto, na hasira ya kuamshwa.
Kisha vuguvugu.
Kisha harufu: marashi ya bei nafuu, tumbaku, maganda ya machungwa,
abiria wa miaka kumi na tisa
wakishuka mmoja mmoja kutoka kwenye tundu.
Ndipo baridi.

Baba akaweka kiganja. Akakitoa. Akakirudisha.
Wahenga husema nguo ya kuazima haisitiri matako;
hii ya mtumba imemsitiri mzee wangu
ila goti la kushoto, ambako upepo haufiki.

Sindano ya joto, lakini, haina shukrani.
Rejeta ile haikuandikiwa mizigo miwili:
ukiwapoza watu, injini inachemka;
ukiipoza injini, basi, watu.
Jumapili tulipanda La Rumorosa, kona juu ya kona,
mawe yamebebana kama magunia,
na katikati ya mlima baba akanyoosha mkono, akaizima,
bila mtu kumwambia.
Akateremsha kioo kwa mpini, mizunguko saba.
Upepo wa bure ukaingia na vumbi lake.

Nilidhani atasema: mnaona?
Akasema: yule mtoto alikuwa akikaa mbele.

Kibanio amekibana kwenye kikinga jua, upande wangu.
Tukianza kuteremka ataiwasha tena,
na kila anapoiwasha hungoja kidogo
kabla ya kukanyaga mafuta,
kama unavyomngoja abiria afunge mlango.