Fimbo Ishirini na Nane

Skelbeck, kaskazini mwa Uingereza, mwezi wa tatu,
udongo umeng'ang'ania buti kama mdai.
Bwana Pell ana kalamu na jedwali.
Mimi, miaka kumi na minne, nina ncha ya mnyororo:
futi sitini na sita, pingili mia.
Navuta, nachomeka kijiti, naita "Moja!"
naye anaandika.

Mjane Thirza Rudkin akatoka na hati ya ngozi,
imekunjwa miaka mingi hata mikunjo imetoboka.
Haikutaja ekari.
Ilisema tu: *ng'ombe wawili*.

Bwana Pell akalamba kidole, akafunua jedwali.
Plau ya kale ilivutwa na ng'ombe wanane;
fungu la ng'ombe mmoja, ekari kumi na tano;
ekari moja, rudi nne;
rudi moja, fimbo arobaini.
"Kwa hiyo, mama, kitabu kinakupa thelathini.
Mnyororo unakupa ishirini na tatu,
rudi moja, fimbo kumi na saba."

Mjane akatazama kijito, kisha ua mpya wa miiba.
"Ekari sita na ushei zimehamia wapi?
Marehemu alizilima zote. Asubuhi thelathini,
nikimpelekea mkate na kitunguu, nikizihesabu.
Kule juu kwenye kichanga
walifungua nira jua halijakausha umande.
Hapa bondeni, kwenye mfinyanzi,
kutwa nzima walipasua kipande
ungekifunika kwa shuka.
Yote miwili ni siku. Yote tuliita ekari."

Nimesikia fahali wawili hawakai zizi moja.
Wa kwake walikaa nira moja miaka kumi na mmoja,
na mmoja alipokufa
mwenzake alisimama upande wake wa mtaro,
akaacha nafasi.

Bwana Pell hakuwa mtu mbaya.
Alipangusa kalamu kwenye mkono wa koti.
"Siku haina mpaka, mama,
na Bunge linataka mpaka."
Akaandika. Wino ukakauka.

Rudi!
Jina gani hilo kwa kipimo
cha ardhi isiyorudi.

Sasa mimi ndiye mwenye kalamu, na miwani,
na kuna jambo sijamwambia mtu.
Mnyororo ule ulikuwa mkuukuu.
Pete zake zililika, zikalegea,
na usiku ule nilipoulaza kando ya kipimo cha ghalani
ulizidi kwa inchi tatu.
Mnyororo mrefu huhesabu kidogo.
Nilikuwa na baridi, nilikuwa na njaa,
na kesho yake tulikuwa na kijiji kingine.

Nimepiga hesabu mara nyingi tangu hapo,
pembeni mwa karatasi za watu wengine.
Zile ekari sita zilikuwa za ng'ombe na mfinyanzi,
hizo sizidaiwi.
Lakini inchi tatu, kwa shamba lile,
ni fimbo ishirini na nane:
matuta ya kabichi,
banda la nguruwe mmoja,
na mahali pa kuanika shuka.