Tofali

Nilimwambia Candiru: wakiiba, wataiba tofali.
Ndivyo tunavyosema sisi mafundi wa Arua
tukitaka mteja atoe pesa bila kuhesabu mara mbili.
Yeye alihesabu mara tatu,
noti za ufuta, bado zina vumbi la ufuta,
laki tatu na themanini juu ya kioo cha meza yangu,
kisha akaingoja risiti
kama mtu anayengoja cheti cha ubatizo.

Nikamwonyesha kufuli.
Hata wakiizima, nikasema, hata wakiifuta yote,
itaamka ikiuliza jina lako.
"Jina tu?"
Jina, na neno la siri.
Akanipa mgongo kuliandika,
kama anayetoa pesa kifuani.

Yote hayo yalikuwa kweli siku ile.

Ukweli wa simu huchacha kama maziwa.
Mwezi wa tano habari ikatufikia
jinsi habari zetu zinavyotufikia: mtu kutoka Kampala,
waya mmoja mfupi, mdomo umefunikwa kwa kiganja.
Kuna sekunde tatu, alisema,
simu imeshatetemeka lakini haijajikumbuka,
mlinzi yupo getini ila hajavaa viatu.
Muulize haraka, atakupa funguo zote mwenyewe,
atakusaidia na mizigo.

Dawa ilikuwepo. Waliounda kufuli walituma sasisho,
gigabaiti moja na nusu.
Hapa kwetu hilo ni beseni la maharage.
Najua lilimbishia hodi Candiru kila asubuhi
naye akalijibu kama tunavyolijibu wote,
kwa kidole gumba:
Nikumbushe baadaye.

Jana, umeme umekatika, jenereta ya jirani inakohoa,
kijana aliingia na kofia ya pikipiki kichwani.
"Ya shangazi. Amesahau neno la siri."

Mashangazi wa Arua ni wasahaulifu mno.
Nimeshawafungulia arobaini na wawili.
Sikuuliza. Elfu thelathini haina masikio.

Nikachomeka waya. Nikabonyeza vitufe viwili.
Na kabla ya giza kushuka kioo kikawaka, ufa pembeni,
na yale maneno ambayo mwenye simu humwachia mwokotaji:
Ukiiokota simu hii, tafadhali piga,
na nambari.

Niliisoma polepole, tarakimu baada ya tarakimu,
kama unavyosikia jina la ukoo wako
redioni, kwenye matangazo ya vifo.
Ilikuwa yangu.

Ndipo nikakumbuka. Aliuliza aandike nambari ya nani,
nami, nikihesabu noti, bila kuinua macho,
nikasema: ya mtu unayemwamini.

"Inachukua muda gani?" kijana akauliza.
Mlinzi alisimama getini miguu mitupu, ananitazama.
Sekunde tatu, ningesema.
Nikasema, njoo kesho,
nikaiweka simu kwenye droo, nikaifunga
kwa ufunguo wa chuma, wa kizamani, usiojua sasisho.
Aliitazama droo. Akanitazama.
Akaenda kuwasha pikipiki na hakurudi kwa ajili ya kesho.

Leo sijafungua duka.
Nimekaa ndani, mlango nimeurudisha,
simu yake mbele yangu, yangu mkononi.
Sijui nimpigie wapi:
nambari yake ni hii iliyomo humu,
na ikilia italia hapahapa mezani.
Itabidi niende Ediofe kwa miguu,
niulize nyumba kwa nyumba mwanamke wa ufuta,
nimwambie nimeiokota. Au nimwambie.

Zile arobaini na mbili zilikuwa na maandishi pia.
Niliyapita kwa kidole gumba.